Kikaratasi cha Koleta

Koleta Nyandwi alijifunza kuandika akiwa na miaka hamsini na mbili, kwenye darasa la watu wazima, na tangu siku hiyo kalamu haikumbanduka. Aliandika jina lake kwenye jembe na kwenye kinu, na nadhani angeliandika kwenye mgongo wa mbuzi kama mbuzi angetulia. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Kijiji chake cha Kirushya kilimchagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya duka, na kilifanya la maana.

Duka lenyewe lilikuwa taabani. Katika mwaka mmoja mameneja wawili walikuwa wameondoka, na sababu ilikuwa vikaratasi. Mkubwa yeyote akitaka kitu, hakupanga foleni. Alichana kipande cha daftari, akaandika: "Mpe mwenye barua hii sabuni mche mmoja." Meneja angefanya nini? Alitoa, bidhaa zikaisha, na wanawake waliosimama juani tangu asubuhi wakamtukana yeye. Sasa wilaya ilikuwa imetoa onyo: akiondoka na wa tatu, duka linafungwa, na watu wa Kirushya watafuata chumvi mbali, huko Kanazi.

Koleta akasikia habari za Malongo. Huyu alikuwa Biharamulo, msaidizi wa mtunza ghala kwa miaka kumi na miwili, mtu ambaye hata punje ya mchele ikianguka aliiokota. Akapanda lori kumfuata, na mapajani kapakata kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake wa kunywea, kwa sababu kwao jambo kubwa haliombwi kinywa kikavu. Anayepokea mrija amekubali, anayeusukuma amekataa.

Malongo akausukuma.

Koleta alijisikia vibaya sana. Alikuwa ameshasimama, anajifunga kitenge vizuri aende zake, Malongo alipocheka. "Mama, mimi Mwislamu. Keti uongee tu, masikio yangu hayanywi."

Akaketi. Alijua hana maneno matamu, akasema ya kweli. "Baba, mshahara wa kuushinda huu wa hapa hatuna. Tuna chumba nyuma ya duka. Tuna maharage ya shamba la kijiji. Na tuna shida. Lakini kwetu hutakuwa msaidizi wa mtu. Utakuwa meneja."

Malongo akakung'uta vumbi la unga mikononi. "Mama, cheo nitakipenda, sitakudanganya. Ila nimesikia habari za vikaratasi vyenu. Nikisema kila kaya nusu kilo, iwe nusu kilo. Siku neno langu likipinduliwa kwa karatasi, siku hiyo hiyo napanda gari."

"Vikaratasi vimekufa," Koleta akasema. "Nakuahidi mimi."

Kile kibuyu alimwachia utingo wa lori, ambaye hakuuliza maswali.

Malongo akahamia Kirushya, na kwa mwaka na zaidi mambo yakaenda vizuri, na sifa nyingi ni za Koleta. Chumba cha meneja kilipovuja, yeye ndiye aliyekwenda kukata nyasi za kuezeka. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, aliwapanga akina mama wampikie futari kwa zamu, wao Wakatoliki ambao hawakuijua futari, wakaipika kwa ndizi na maharage. Malongo alikula bila kulalamika.

Kisha ikaja vita na Uganda. Malori yakachukuliwa kubeba askari, na vijana wakaondoka, Privatus mtoto wa Koleta akiwa mmoja wao. Miezi minne hawakuiona sukari. Lori moja lilipofika Februari na magunia machache, kijiji kizima kilikuwa dirishani. Malongo akatangaza: nusu kilo kwa kaya, basi.

Alfajiri hiyohiyo Bernadetha, mke wa Privatus, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Koleta akamtazama mjukuu ambaye baba yake yuko Uganda kwenye risasi, moyo ukamyeyuka. Hakufikiri hata kidogo. Akachana karatasi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: "Mpe mwenye barua hii sukari kilo mbili. Ni mimi, Koleta Nyandwi." Akampa jirani yake Felisita aipeleke.

Malongo aliisoma, akapima kilo mbili, akazitoa. Halafu akafunga dirisha.

Felisita alirudi na sukari akihema. "Koleta, meneja wako anafunga sanduku! Lori likimaliza kushusha anaondoka nalo!"

"Kwa kilo mbili?" Koleta akawaka. "Mtoto wa askari huyu!" Alisema mengine pia, yasiyoandikika. Kisha macho yake yakaangukia mfuko ule wa sukari. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akapima nusu kilo, akaiweka kando ya Bernadetha. "Hii ni haki ya kaya yako. Hizi nyingine niliiba mimi."

Alitembea mpaka dukani, mfuko kichwani. Foleni ilikuwa bado imesimama, ina manung'uniko, na Malongo alikuwa anakaza kamba kwenye sanduku. Koleta akampokonya karatasi iliyokuwa mfukoni mwa shati lake, akageukia watu, akaisoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno, mpaka kwenye jina lake. Hakuruka kitu.

"Nilimwahidi mtu huyu kwamba vikaratasi vimekufa," akasema. "Wa kwanza kuvifufua ni mimi. Sukari hii hapa. Kama kuna mwingine mwenye chake mfukoni, akitoe sasa, tuaibike pamoja."

Mwisho Ntakirutimana, mwenyekiti wa kijiji, mzee mzima mwenye tumbo, akaingiza mkono kotini akatoa kimoja. Akafuata mwalimu. Vikafika vitano. Koleta akavipasua vyote, akaenda kusimama mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote.

Dereva akapiga honi. Malongo akatoka mlangoni, akamfanyia ishara aende. Akafungua dirisha, akapima mpaka wa mwisho, ambaye alikuwa Koleta, akampa nusu kilo ya nyumba yake.

"Mama," akasema, "chumba cha nyuma kimeanza kunibana. Nataka kumleta mke wangu na watoto. Nionyeshe mahali nichimbe msingi."

Alipoisoma karatasi yake mbele ya kijiji kizima, Koleta hakutoa chozi. Hapo dirishani, na sukari yake mkononi, alilia kwa sauti.