Chupa ya Mwekundu kwa Pilau ya Krismasi

Kazi yangu ni kuwaambia watu wanywe mvinyo gani pamoja na wanachokula. Nimeifanya miaka kumi na tisa katika hoteli moja ya ufuoni, na miwili ya mwisho nimeifanya bila pua. Homa ilinilaza wiki nzima. Nilipoinuka, nilitoka nje ya nyumba yetu hapa Changamwe na sikusikia harufu ya mafuta kutoka kwenye matangi makubwa ya mtaani. Harufu ile tumelala nayo na kuamka nayo tangu tuoane. Nikadhani upepo umegeuka. Nikarudi ndani, nikanusa kahawa, kisha sabuni, kisha soksi zangu mwenyewe. Hakuna kitu. Hata chumvi niliyoiweka ulimini haikuwa na ladha.

Sikumwambia mtu. Meneja angejua, ningerudishwa kubeba sahani, tena kama nina bahati. Kazini nikajiendesha kwa kumbukumbu: nilisoma karatasi ya chupa, nikautazama uso wa mgeni, nikasema alichotaka kusikia. Aliyeagiza samaki wa kupaka nilimpa mweupe wenye utamu kidogo, maana tui la nazi halipatani na mvinyo mkavu, usio na utamu. Wa pilau nilimpa mwekundu mwepesi uliokaa nusu saa kwenye friji, si ule mzito unaokausha kinywa kama bibo bichi la mkorosho. Nikasifiwa kama zamani. Sikuona raha wala haya. Ulimi uliingia ganzi, na mimi nikaufuata.

Nyumbani ilikuwa rahisi zaidi, au ndivyo nilivyojiambia. Mke wangu, mzaliwa wa mtaa wa Frere Town, wakati huohuo alizuka na tabia ya kuzungumza na sufuria. Alifunua kifuniko akasema leo iliki imetangulia. Aligeuka akasema kitunguu kinataka kuungua. Akifungua friji, alitangaza kwamba maziwa yamechacha. Mimi nilimwona anazeeka. Iliniudhi, kusema kweli, mtu kutangaziwa chakula chake kama mpira wa redioni. Lakini nilikuwa nikiyaokota maneno yake na kuyarudisha mezani kama yangu. Nilisema iliki leo imekubali, naye akaitikia kwamba ndiyo, imekubali.

Krismasi iliyopita, tulipotoka kanisani, kaka yake alikuja kutoka Likoni na chupa ya mvinyo mwekundu. Baadaye nilisikia kwamba alipewa na tajiri wake wa kazini Krismasi ya kabla yake, akaiweka juu ya kabati, chini ya joto la paa la bati, mwaka mzima, akiamini kwamba mvinyo wowote ukikaa unazidi utamu. Mwenye pua angeijua chupa ile mara tu ilipofunguliwa. Mimi niliisoma karatasi tu: aina niliyoifahamu, nyepesi, ya kunywewa pamoja na pilau. Nikaipoza. Nikaifungua kwa madaha yote ya hotelini, nikamimina, nikazungusha glasi, nikanusa, nikaonja, nikamwambia shemeji kwamba huu na pilau ya dada yake vitaelewana.

Shemeji alikunywa. Macho yakamtoka, akaweka glasi chini, akafungua mdomo aseme. Mke wangu, ambaye pombe yake ya mwaka mzima ni ile ya meza ya Bwana kanisani, alimshika mkono. Kisha akainua glasi yake, akanywa mpaka chini bila kukunja uso.

"Unafaa," alisema. Akamwomba kaka yake ampakulie nyama.

Nimesoma nyuso za wanywaji miaka kumi na tisa, na kwa hilo pua haihitajiki. Nikajua wananifichia. Nilikula pilau yangu hadi mwisho. Ilikuwa ya moto. Zaidi ya hapo sikujua lolote kuihusu.

Shemeji alipotoka kumjulia hali jirani, nilimfuata mke wangu jikoni. Alikuwa anaumwaga mvinyo uliobaki. Nilimwuliza ulikuwaje.

"Siki," alisema.

Nilimwuliza amejua tangu lini kwamba sisikii harufu. Akasema tangu wiki ile niliyotoka kitandani, nilipokunywa kikombe kizima cha maziwa yaliyochacha na kumshukuru. Basi kwa nini hakuniambia?

"Wewe ulikuwa wanificha, mume wangu. Nikaona nikusaidie kuficha."

Ndipo iliki, kitunguu na maziwa vikanirudia, kimoja kimoja. Miaka miwili alikuwa akininusia, na mimi nikimwona mzee. Nilipatwa na haya, na baada ya ganzi ndefu vile nilishukuru hata kwa hiyo.

Kwenye friji ilibaki chupa yangu ya mweupe, ya samaki wa jioni. Aliitoa, nikaifungua. Alimimina kidogo, akatumbukiza pua kwenye glasi na kukaa hivyo kitambo.

"Embe bichi," alisema. Akanusa tena. "Na kibiriti kilichozimwa, lakini kwa mbali."

Nilimwambia embe hilo litapatana na samaki wake, ila apunguze ndimu. Akanikabidhi glasi. Nilionja: baridi, basi. Nikamwambia aendelee kuninusia.