Usukani Mwepesi Kabla ya Kiabakari

Sababu ya safari ilikuwa mashine ya wifi yangu, Nyabise. Mume wake alipofariki alibaki na watoto watatu na kibanda kitupu pale Nyasura, Bunda. Akapata mashine ya kusaga Musoma, nami nikamwambia nina pikapu, nitaivuta mwenyewe kwa tela.

Saa mbili asubuhi, Musoma. Fundi wa kuchomelea alinionyesha ndoano mbili za kuvutia tela. Moja ya kawaida. Nyingine ina vyuma viwili virefu vinavyopita chini ya shingo ya tela na kukazwa kwa minyororo, ili uzito usilalie nyuma ya gari peke yake, urudi na kwenye matairi ya mbele.

"Dada, kwa mzigo huu chukua hii."

Mafundi wenzake waliacha kazi kunitazama, kiburi kikanipanda. Kwani mimi mgeni wa barabara? Nikachagua ya kawaida.

Wifi aliinama akalitazama gari. "Mbona limekaa kama kuku anayetaga?"

"Panda twende, wifi."

Nje ya mji usukani ukawa mwepesi ajabu, kidole kimoja kinatosha. Nikajisifu. Wifi alikuwa ameshika rozari.

Kabla ya Kiabakari, kwenye mteremko, basi likatupita kwa kasi. Tela likaanza kuyumba. Nikakata usukani, gari halikufuata! Matairi ya mbele kama hayagusi lami, na mtaro unakuja. Wifi akapiga kelele, "Yesu na Maria!" Nilitaka kukanyaga breki, lakini mguu uliganda hewani kwa woga, na woga huo ndio uliotuokoa, maana ningekanyaga, tela lingetusukuma mtaroni; gari likapunguza mwendo lenyewe. Tulisimama ukingoni mwa mtaro. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini mimi nilikuwa navunja la mwenzangu.

Kiabakari tulifika kwa kutambaa. Nikampigia fundi.

"Ingiza ngumi juu ya tairi la mbele, chini ya bodi," alisema.

Iliingia, ikabaki nafasi ya ngumi nyingine. "Bila tela ilikuwaga inabana," nikamwambia.

"Basi mbele kumenyanyuka. Watu wanapendaga usukani mwepesi, kumbe wameshika hewa. Msiondoke, naileta ile nyingine."

Saa saba mchana alifika, akaifunga, akakaza minyororo mpaka ngumi yangu ikabana. Tulipoondoka usukani ulikuwa mzito, gari linanisikia. Hata hivyo kila nikisikia basi nyuma, jasho lilinitoka.

Nyasura, jioni, majirani walitupokea kwa vigelegele. "Dereva mwanamke! Safari ilikuwaje?"

Wifi alinitazama. "Salama kabisa," akasema.

Sikuweza kuvumilia. "Haikuwa salama. Nilishauriwa nikakataa. Nusura niwamalizie watoto hawa na mama."

Wifi akanishika mkono. "Njoo unawe, ule."

Kesho yake nilirudi Musoma. Siku hizi mtu akinisifia usukani mwepesi namwambia ashuke kwanza akaangalie matairi. Asubuhi ile ya kurudi tela lilikuwa tupu, lakini bado nilichuchumaa nikaingiza ngumi. Kumbe wifi naye alikuwa amechuchumaa upande wa pili, mkono juu ya tairi.

"Huku inabana," akasema. "Nenda."