Aliyeshinda Jumapili Ile

Mdogo wangu alirudi nyumbani Pearland, pembeni mwa Houston, Jumapili moja adhuhuri, uso umejaa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Hakuvua hata koti lake la ngozi. Alinikuta jikoni nakaanga samaki, akachukua kipande, akakila kikiwa bado cha moto.

"Nimewaacha wote, dada," alisema. "Hata Mzanzibari leo hakuniweza."

Huyo Mzanzibari alikuwa rafiki yake mkubwa, dereva wa teksi. Walinunua pikipiki za mbio pamoja mwaka 2018, na kila Jumapili asubuhi walikutana na wenzao kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mashamba, kusini mwa mji wetu. Haikuwa uwanja wa mbio. Ilikuwa barabara ya watu, ina malori ya mchanga, ina wazee wanaotoka kanisani taratibu na magari yao.

Sitasema sikujua wanachokitafuta. Nilipanda nyuma yake mara moja, nikamshika kiuno. Alipovuta mafuta nilijibana mgongoni mwake. Upepo ulinisukuma kifuani kama mtu anayetaka nishuke, nami nikacheka, mama mzima wa watoto wawili, nikacheka mpaka machozi. Niliposhuka nilimwambia sipandi tena, maana nilijua nikipanda mara ya pili nitataka ya tatu.

Jumapili hiyo samaki walikuwa bado jikoni simu yake ilipolia. Alisikiliza, akaketi. Mzanzibari alikuwa ameanguka. Gari la mama mmoja lilitoka kwenye njia ya nyumbani kwake kuingia barabarani, akalikwepa, akapiga nguzo ya uzio.

"Hukuangalia nyuma?" nilimuuliza.

"Kwa spidi ile ukiangalia nyuma unaanguka."

"Na ulipofika mwisho?"

Aliweka simu mezani. "Nilingoja kidogo. Nikadhani amekasirika kushindwa, amerudi kwao."

Nilizima jiko. Mwenzake amelala kwenye majani mgongo umevunjika, na yeye amekuja kwangu kujisifu kwa mdomo uliojaa samaki.

Mimi ni nesi, na Mzanzibari aliletwa hospitali ninakofanya kazi. Alinusurika, lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena. Mama yake, aliyekuwa akiishi naye Houston, alishinda kando ya kitanda akimlisha uji na kumpaka mafuta miguuni. Mdogo wangu hakwenda kumwona. Kila nikimwambia twende, alisema, "Nitamtazama vipi, dada?"

"Kwa macho," nilimjibu, na siku niliyochoka kubembeleza nikamtia garini nikampeleka.

Walisalimiana kwa aibu. Halafu mgonjwa akauliza, "Pale kwenye daraja ulipita na gia ya ngapi?" Mdogo wangu akamjibu, na mikono yake ikaanza kuonyesha, hivi na hivi, na punde si punde walikuwa wanacheka.

Yule mama aliacha kupaka mafuta. "Wanacheka nini, mwanangu?" aliniuliza.

"Mbio, mama," nilisema. Sikuweza kumdanganya.

Akamgeukia mdogo wangu. Hakupandisha sauti. "Njoo, baba. Ushike mguu huu."

Akaja, akaushika.

"Ubonyeze. Bonyeza zaidi."

Mdogo wangu alibonyeza mpaka vidole vyake vikawa vyeupe nchani. Mwenye mguu alikuwa ameegemea mto anatutazama, anangoja kujua tunafanya nini.

"Amehisi?" mama aliuliza.

"Hajahisi, mama."

"Basi nenda kwenu."

Mdogo wangu alilia kwenye maegesho ya hospitali, ameweka kichwa juu ya dashibodi, nami nikamwacha alie. Nilidhani yamekwisha. Jumapili iliyofuata nilisikia pikipiki ikinguruma gereji. Nilitoka na kanga yangu begani, nikasimama mbele ya gurudumu.

"Zima."

"Nafanya mazoezi tu, dada. Sishindani na mtu."

"Zima, ukusanye nguo zako, utoke kwangu."

Alitoka. Alihamia Garland, upande wa Dallas, akapata kazi ya ghala. Hasira haikutoka naye. Nilikuwa nayo kazini, nilikuwa nayo msalani nikitawadha.

Ugonjwa ulipofunga miji mwaka 2020, barabara kuu zilibaki tupu, na watu kama yeye wakaona wamefunguliwa mlango. Alinitumia video ya mshale wa spidi umelala kulia kabisa. Niliipata nikiwa kwenye mapumziko, barakoa imenichimba pua. Nikamwandikia: "Huku tunatafuta vitanda. Wewe unatafuta cha kwako?" Hakujibu.

Nilimpigia Mzanzibari. Nilitaka yeye amkanye, maana nilijua neno lake lingekuwa zito kuliko langu.

"Video nimeiona, dada," alisema, na sauti yake ilikuwa imechangamka kuliko nilivyoisikia tangu aanguke. "Pikipiki ameivuta yote. Mwambie anitumie nyingine."

Nyuma yake nilimsikia mama yake akimwambia aweke simu chini, saa ya kumgeuza imefika asije akapata vidonda. Nilikata bila kuaga. Nilinawa mikono, nikavaa glavu, nikarudi wodini kwa watu waliokuwa wanataka kupona.