Nimefunga mfereji wa chama na kufuli

Ndio, ni mimi nimefunga mfereji ya maji ya greenhouse yetu. Ufunguo iko ndani ya soksi yangu, kujeni mtoe.

Miche ya nyanya inakufa, na chama yote inasema eti niko na mkono mbaya.

Jana nikaweka kipande ya kiazi kwa mchanga ya miche, nione kama kuna wadudu. Leo kugeuza, imejaa tuminyoo nyeupe! Ni watoto wa nzi ndogo nyeusi zenye huruka juu ya miche. Wanatoboa mizizi, ugonjwa inaingilia hapo.

Na wanapenda maji.

Sasa hapa kila memba akipita lazima amwage maji, ndio aonekane amefanya kazi.

Mwenyekiti wetu, Mama Brayo, akanifokea: "Wewe bubu wa mikutano! Nyanya zikikauka unatoka chama!"

Nikamjibu: "Sawa mama, nitoke. Lakini leo hakuna maji."

Semeni kama nimekosea.

Wacha niende, namwona Mama Brayo akitoka kwake na ndoo ya maji.