Mahali pa Kabibi

Fundi wa sauti wa kwaya hufuta vidole kwenye kitenge, kisha hufumba macho ndipo asikilize rekodi. Hata dukani, katika mtaa wa Mchesi, alifanya hivyo. Ndani ya hedifoni kubwa zenye migongo wazi, waimbaji walisimama kwa nafasi, Kabibi mwisho kushoto. Ndani ya vipokea sauti vidogo vya kuchomeka masikioni, vya bei nafuu, wote walisongamana.

“Chukua kubwa, mama,” muuzaji, mtu wa Uvira, alimwambia.

“Hapana. Kule kambini Dzaleka ukuta wetu na kanisa ya jirani ni turubai tu. Hizi ziko wazi, ngoma yabo itaingia yote.”

Alirudia zile kubwa mara tatu, kidole kikigusa hewani mahali pa kila mwimbaji. Kisha akachukua vidogo.

“Kabibi nilishajua pahali anasimamaka,” alisema. “Nikichanganya sauti, nitamurudisha pale.”