Mtoto Ambaye Hakuitika

Sijawahi kukaa nyumba moja muhula mzima. Hata sasa, nikiwa nimevuka miaka arobaini, nimepanga chumba Karatina, dirisha lake linatazama soko, na tayari nimeanza kuulizia vyumba Nanyuki. Sina shughuli yoyote Nanyuki, na baridi ya huko naijua. Ni miguu tu inayowasha.

Miguu hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Nilimaliza fomu foo miaka michache baada ya Uhuru, nikarudi nyumbani na cheti ambacho hakikutosha kunipeleka chuo cha ualimu, lakini kilitosha kunifanya nichekwe nikishika jembe. Siku hizo shule za nasari zilikuwa zinaota kila kilima, vibanda vya mabanzi kando ya kanisa, na watoto walikuwa wengi kuliko nafasi. Mwalimu alichagua. Wazazi wengi hawakuwa wamekaa darasani hata siku moja, na hawakujua anachagua kwa kipimo gani. Mama mmoja wa kanisani kwetu aliniomba niketi na mwanawe wiki tatu kabla ya siku ya kuandikishwa. Mtoto akachukuliwa. Mama huyo akamwambia dada yake, dada akamwambia jirani, na mimi nikanunua sanduku la bati.

Kwa hiyo nilikaa wiki tano Karatina kwa mama aliyeuza kabichi, nikimfundisha binti yake kuhesabu kwa vifuniko vya soda katikati ya magunia. Nilikaa Kianyaga kwenye nyumba iliyozungukwa na michai, na mvulana wa huko alilia kila mara nilipomwambia afunge vifungo vya sweta mwenyewe. Kazi yenyewe haikuwa ya vitabu. Mtoto aende chooni peke yake na arudi akiwa amevaa vizuri. Amsalimu mtu mzima bila kujificha nyuma ya sketi ya mama yake. Ashike kipande cha mkaa na kuchora duara juu ya kadibodi. Akae kwenye benchi mpaka uji wa wenzake uishe. Halafu apitishe mkono juu ya kichwa na kushika sikio la upande wa pili, maana aliyefikia sikio ndiye aliyehesabiwa kuwa amekomaa. Tulifanya mchezo huo wa sikio kila asubuhi, kana kwamba mkono ungerefuka kwa kuvutwa.

Nyumba nyingi zimechanganyika kichwani mwangu. Ile ya Wamagana haijachanganyika na nyingine yoyote.

Nilifika huko mwisho wa msimu wa kuchuma kahawa. Mama wa nyumba alinipokea akiwa bado amefunga kikapu kiunoni, vidole vyake vyeusi kwa utomvu. Hakunikaribisha chai kwanza. Alinivuta kando ya zizi.

"Mwalimu," alisema, maana kila nyumba iliniita hivyo ingawa sikuwa mwalimu, "nataka unipimie mtoto. Ati hasikii."

"Nani amesema hasikii?"

"Mwalimu wa nasari. Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni ya kiwanda cha kahawa, nikamtuma na mama jirani. Wakasoma jina lake mara tatu. Mtoto amekaa tu kwenye benchi, anawaangalia. Wakaandika hayuko. Jirani aliposema mtoto ni huyu hapa, mwalimu akasema basi huyu ni kiziwi ama akili yake ni pole." Alitazama chini. "Amesema nimlete mara moja tena. Akikaa hivyo tena, nisimrudishe. Na hapa kijijini wameshaanza kumwita bubu."

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka mitano na nusu, mwembamba, mwenye macho ya mtu anayekupima. Nami nikampima. Nilisimama nyuma yake nikaangusha kijiko majanini, akageuka. Jioni aliinua kichwa akasema, "Lori la maziwa," na mimi sikuwa nimesikia kitu. Baada ya muda mrefu ndipo lori likatokea kwenye kona ya kilima cha pili. Mtoto huyo alisikia kuliko sisi sote.

Nikasema basi ni woga, na woga nilikuwa na dawa yake. Tukaanza kazi.

Katika boma hilo kulikuwa na watu wanne. Mama, mtoto, baba aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Nanyuki na kuja kila mwisho wa mwezi, na guka, baba yake huyo baba, mzee mrefu aliyevaa koti la mvua hata jua likiwaka. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili na nusu kabla ya mimi kufika. Kaburi lake lilikuwa chini ya shamba, karibu na migomba, na msalaba wa mbao uliopakwa rangi nyeupe.

Guka alinipenda kwa namna yake, yaani alinichokoza. Aliniita mwalimu wa miguu. Siku ya pili nilimwambia mtoto ahesabu watu walioketi jikoni, naye akaanza, "Mmoja, wawili..." Mzee akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, hapa kwangu hesabu mahindi. Hesabu mawe, hesabu vijiko. Watu na ng'ombe uwaache kama walivyo."

Nilijua hilo. Kwetu pia watu hawahesabiwi, ni kuwaitia mabaya. Nilikuwa nimesahau tu, kama nilivyosahau mambo mengi kwa kulala nyumba za wengine. Tukarudi kwenye punje za mahindi.

"Umeona, mke wangu?" guka alimwambia mtoto. "Mwalimu naye amefundishwa leo."

Alimwita mke wangu kwa sababu ndivyo ilivyo. Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na guka humtania kuwa ndiye mkewe aliyerudi akiwa mdogo. Baba yake alipokuja kutoka Nanyuki alimwita maitu, yaani mama. Mama yake alimwita mami. Majirani walimwita kamami, yaani kimama, nami nikaiga hilo la majirani. Kamami, funga kifungo. Kamami, shika sikio. Wiki tatu nilimwita hivyo, na sikuona kosa lolote. Nani angeona? Sisi sote tumekulia katika nyumba za namna hiyo. Mimi mwenyewe sikusikia jina langu likitamkwa nyumbani mpaka nilipokuwa mkubwa wa kubeba maji.

Siku mbili kabla ya kuandikishwa, tulicheza shule. Niliwaketisha watoto watatu kwenye gogo, yeye na wawili wa jirani, nikamwomba mama yake kadi ya ubatizo ili nisome jina kama lilivyoandikwa. Hakunisomea. Alinipa tu kadi. Nikaita wa kwanza, akasimama akasema, "Niko." Nikaita wa pili. "Niko." Nikaita la tatu.

Msichana alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akanitazama mimi kwa huruma, kama mtu anayeona mgeni amepotea njia.

"Huyo hawezi kuja," alisema. "Huyo alikufa."

Akanyoosha kidole kuelekea migombani.

Sitaandika jina hilo hapa. Lina wenyewe wawili, na sijawaomba ruhusa. Walimpa mtoto majina yote ya nyanya yake, la ubatizo na la kuzaliwa, na tangu siku hiyo hakuna mdomo uliowahi kumwita kwa lolote kati ya hayo. Nyumbani alilisikia mara ya mwisho siku ya mazishi, likitamkwa kwa sauti kubwa, naye alikuwa amebebwa mgongoni. Mwaka uliopita, mwalimu aliposoma jina mara tatu, mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi lile akingoja kuona kama nyanya yake angeingia. Na mama jirani naye hakumjua ila kwa jina la kamami.

Nilimwambia mama yake, "Kuanzia saa hii umwite kwa jina lake. Asubuhi, mchana, jioni."

Alirudi nyuma hatua moja. "Mimi? Hilo ni jina la mama mkwe."

"Ni jina la mtoto wako."

"Mwalimu, wewe hujaolewa. Siwezi. Hata nikitaka, ulimi unakataa."

Basi nikalishika mimi mwenyewe. Nilimwita mtoto kwa jina hilo mchana kutwa, kwa sauti ya upole, kwa peremende, kwa nyimbo. Mwanzoni alicheka. Mwishowe akalia, akakimbilia nyuma ya zizi, na nilipomfuata aliniuliza kama atawekwa kule chini kwenye migomba.

Hapo ndipo nilipotaka kuondoka. Niseme ukweli. Nilikaa kitandani nikaanza kukunja nguo zangu. Sanduku lilikuwa wazi, Karatina kulikuwa na mama mwingine aliyenitaka, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kuaga. Nilikuwa nimezoea kutoka kabla jambo halijaharibika mikononi mwangu. Ila mara hii nilikuwa nimeliharibu tayari. Nilikuwa nimemtia mtoto hofu ambayo hakuwa nayo siku nilipofika.

Nikaliacha sanduku wazi, nikamfuata guka. Alikuwa akikata nyasi za nepia za ng'ombe kwenye ukingo wa mto.

Nilimweleza yote. Hakuacha kukata.

"Kwa hivyo unataka nini?"

"Umwite wewe. Wewe ndiye uliyemwita yule mwenyewe miaka yote. Akisikia kwako hataogopa."

"Tangu tulipomzika sijalitaja."

"Najua."

"Hujui. Wewe ni mtu wa kupita." Alifunga mzigo wa nyasi kwa nguvu, akavuta kamba kwa goti. "Nikimwita mtoto hivyo kila siku, yule mwingine nitamwita nani?"

Nikajibu kwa maneno makali. Nilimwambia, "Basi kesho kutwa atakuwa kiziwi tena, na safari hii ni kwa maisha."

Alibeba nyasi zake akapanda kilima bila kunitazama. Jioni mtoto alikula akiwa ameegemea goti la guka, mbali nami.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa na baridi kali na anga safi, Mlima umesimama wazi mpaka theluji yake ikaumiza macho. Nilikuwa nanawa uso kando ya pipa. Guka alikuwa zizini akikamua. Nikasikia sauti yake ikiita jina lile, jina zima, bila kubembeleza na bila kupaza, sauti ya mwanamume anayemwita mtu wa nyumbani mwake aliyemzoea.

"Niletee mkebe mwingine. Huu umejaa."

Mama alikuwa akipuliza moto jikoni. Aliacha kupuliza. Mtoto alikuwa mlangoni. Alitazama migombani kwanza, kisha akatazama zizini, nasi tukamtazama yeye. Kisha akaenda, akachukua mkebe, akaupeleka.

"Ni mimi?" nilimsikia akiuliza.

"Ni wewe. Nani mwingine yuko hapa?"

Alimwita hivyo siku hiyo nzima. Lete kiti, ondoa kuku, njoo uone ndama. Kila mara sauti ilikwaruza kidogo mahali palepale, na kila mara mtoto aliitika.

Siku ya kuandikishwa guka alivaa viatu vya kanisani, akaenda nasi. Hakuingia ndani, alisimama nje karibu na ukuta wa mabanzi. Mwalimu, mama mnene mwenye sweta ya kufuma, alisoma majina kutoka daftari. Alipofika kwenye jina letu alitua, akatazama juu ya miwani, maana alikumbuka. Mama yake mtoto alinishika mkono akaubana mpaka mifupa ikauma. Mwalimu akalisoma.

Msichana hakusimama mara moja. Aligeuza kichwa kuelekea ukutani, kwenye ufa kati ya mabanzi mawili palipoonekana kipande cha koti la mvua. Kisha akasimama.

"Niko, mwalimu."

"Kumbe unasikia!"

"Nasikia," alisema. "Hata lori nasikia."

Walicheka wote. Mkono wake ulifika sikioni kwa kuinamisha kichwa kidogo, na mwalimu akajifanya hakuona. Jina likaandikwa.

Tuliporudi nyumbani guka alikuwa na furaha ya kupiga mbinja. Aliketi kwenye kiti chake akavua viatu. "Haya, mke wangu, njoo uniambie umejifunza nini huko."

Mtoto alisimama mbele yake, mikono kiunoni. "Mimi si mke wako," alisema, akalitaja jina lake lote, la ubatizo na la kuzaliwa, kama lilivyosomwa kwenye daftari.

Mzee alicheka. Kicheko kiliisha kabla ya wakati wake. Alibaki ameshika kiatu kimoja, akakigeuza, akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Haya," alisema. "Haya basi." Hakumwita mke wangu tena muda wote niliokuwa pale, na huo haukuwa muda mrefu.

Niliondoka siku ya tatu. Mama alinisindikiza mpaka kwenye ua, akanipa viazi na chupa ya maziwa, akaniuliza kwa nini nisikae hata wiki iishe. Nilimwambia Karatina wananingoja. Ilikuwa kweli, ila sikuwa naikimbilia Karatina.

Nilikuwa nimeshafika kwenye mteremko niliposikia guka akiita kutoka juu, jina lile, na upepo ukalileta zima. Nikasimama. Nikatazama kule migombani, kama alivyotazama mtoto. Hakuna aliyeitika. Akaita tena. Ndipo sauti ndogo ikajibu kutoka upande wa kahawa, "Nakuja, guka!" ikifuatiwa na kishindo cha miguu mitupu.

Nikabadilisha sanduku mkono, nikaendelea kushuka.