Mbuzi wa Mnadani na Uso wa Mzee Masanja

Aibu hii ninayo tangu mavuno ya mwaka jana, na ningeendelea kukaa nayo kimya kama watu wa Kagongwa wangekuwa watu wa kunyamaza, lakini wapi, mpaka leo nikipita mashineni lazima kuna mtu atalia kama mbuzi, mee, kisha wenzake wacheke mpaka wakae chini, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine ikiwa imeongezwa vitu (ingawa sijui wataongeza nini, maana ilijaa yenyewe).

Mimi naitwa Kabula. Shule niliishia kidato cha pili, na nina kachumba ka studio karibu na mashine za kukoboa mpunga. Napiga picha za pasipoti, za mahafali, za watoto waliovalishwa viatu vinavyowabana. Kazi hiyo inanilisha, siilalamikii. Ila moyo wangu uko kwenye picha za aina nyingine, zile ambazo hazihitaji harusi wala kitambulisho, za mtu kuziangalia tu na kunyamaza kidogo. Picha za sanaa. Mama akisikia hivyo huuliza, "Sasa hizo anazinunua nani?" nami humjibu, "Mama, hata jua likichwea hakuna anayelinunua, lakini tunaliangalia," naye huguna na kunitwisha ndoo.

Sasa, Mwanza kuna dada mmoja anaitwa Rehema, mpiga picha za sanaa hasa, picha zake hutundikwa kwenye kumbi watu wakaja wamevaa vizuri kuziona. Nilimwandikia kwenye simu, nikaandika tena, nikaandika tena (nadhani alinijibu ili nipumzike). Akaniambia anachukua vijana wawili wakae naye miezi sita wajifunze, mmoja kashapata, imebaki nafasi moja. Akasema, "Ila mimi siamui kwa simu, Kabula. Bandika picha zako mahali watu wazione. Nitakuja kuziangalia, na nitawaangalia wanaoziangalia."

Nafasi moja! Sikulala vizuri wiki nzima.

Nikaamua kupiga nyuso za mashineni. Kama hujafika kwetu, mashineni kuna vumbi la pumba linaloingia mpaka kwenye kope, na wanawake wanaopepeta mchele pale wakitoka jioni wanakuwa kama wamepakwa unga. Watu huwapita bila kuwatazama. Mimi nilikuwa nawaona wazuri ajabu. Wa kwanza kumfuata alikuwa Mama Sayi, mpepetaji wa siku nyingi, mwenye kicheko kinachosikika juu ya mashine.

"Unipige nikiwa hivi? Na pumba hizi? Unataka nichekwe, mwanangu?"

"Nataka watu wasimame, mama."

Akafumba macho na kucheka, nami nikabonyeza hapo hapo. Ile picha mpaka leo nikiikumbuka najisikia vizuri. Mashavu meupe kwa vumbi, kope zimeshika pumba moja moja, na kicheko. Wengine walipoiona kwenye kamera wakajipanga wenyewe.

Nikapata nyuso saba. Nikazipeleka Kahama kwenye ile mashine inayochapa ramani za nyumba, kwa sababu inatoa karatasi kubwa kwa bei ninayoiweza, nyeusi na nyeupe, nyembamba kidogo lakini kubwa, uso mmoja ulikuwa unanizidi urefu. Ukuta nikauomba kwa Mzee Masanja, mwenye ghala la mpunga kando ya barabara ya mnadani. Nilimpigia shikamoo siku tano mfululizo, alikuwa anaitikia marahaba na kuondoka. Ya sita akasimama.

"Binti, ukuta ni wa nani?"

"Wako, mzee."

"Basi kama ni nyuso, zianze na picha ya mwenye ukuta. Na iwe kubwa."

Mzee Masanja hajawahi kupepeta hata kikombe kimoja cha mchele, lakini ningefanyaje? Nikampaka pumba kidogo usoni, akakunja sura kama waziri, nikapiga. Zikawa nane.

Sasa sikilizeni nilipojiloga. Nilikuwa nimeona kwenye simu vijana wa nchi za mbali wakibandika picha kubwa ukutani kwa uji mzito wa unga. Nikapika wa muhogo, sufuria nzima ya mama. Ulipokuwa unachemka nikakumbuka ukuta wa ghala una mchwa, nikajiambia, Kabula, mchwa watakula kazi yako yote, tia kitu. Nikatia chumvi. Nikaonja, nikaongeza (nilionja gundi, ndiyo, na ilikuwa tamu). Sijui nani aliniambia mchwa hawapendi chumvi. Nadhani ni mimi mwenyewe.

Na siku ya kubandika nikachagua siku ya mnada, kwa sababu ndiyo siku barabara ile inajaa watu. Hapo niwaombe msicheke bado. Mimi msichana wa Kisukuma, niliyezaliwa katikati ya ng'ombe, nilifikiria watu wanaokwenda mnadani na sikufikiria hata kidogo wanakwenda kuuza nini.

Nilianza kubandika alfajiri, chini chini kabisa ili na watoto waone, na jua lilipotoka nyuso nane zilikuwa zinautazama mnada. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikalia kidogo. Dada Rehema alikuwa anafika saa nne. Mwili mzima ulikuwa uji, nikaona niende nyumbani nikaoge, nivae lile gauni la kijani, nirudi nimesimama kama msanii.

Niliporudi niliona mikia kwanza.

Mbuzi. Wengi, sikuwahesabu. Walikuwa wamejipanga ukuta mzima kama wako mgahawani. Mmoja mweupe alikuwa amesimama kwa miguu miwili, ile ya mbele ameiegemeza kwenye shavu la Mzee Masanja kana kwamba anambembeleza, na alikuwa anamla pua.

Nikavua kiatu nikawavamia. Kijana mwenye mbuzi, Jilala, akaja mbio na fimbo yake.

"Dada, usiwapige! Hao ni wa kuuza!"

"Wamekula picha zangu!"

"Picha? Mimi nilijua ni matangazo ya uchaguzi uliopita, nikasema acha wasafishe." Akausogelea ukuta, akashangaa. "Mbona wanalamba mpaka tofali? Umetia nini humu?"

"Chumvi."

"Mayu wane, mama yangu! Umewaandalia mbuzi, ukawatilia na chumvi, halafu unalia? Wakivimbiwa kabla sijawauza nakuja kwako."

Akaondoka nao, na wale mbuzi wanageuka nyuma kuniangalia kama watu walioshiba wanaomshukuru mpishi.

Nikatazama kilichobaki. Juu zilibaki vilemba na vipaji vya nyuso, pembeni yamebaki masikio makubwa, na katikati ya kila picha pana shimo lenye umbo la mtu aliyeondoka. Nane. Saa nne kasoro dakika chache. Watu wameanza kusimama.

Mtu mwenye akili hapo angekaa chini akakubali. Mimi nikakimbilia studio, kwa sababu nilikumbuka kwamba Mzee Masanja aliwahi kupiga kwangu pasipoti ya kitambulisho. Nikaichapa. Nikarudi. Nikaibandika katikati ya shimo lake, kwa uji ule ule.

Jamani. Masikio mawili kila moja kama sinia, kipaji cha uso kama mlango, na katikati, kwenye ukuta mtupu, kakichwa kenye tai na bluu nyuma, kama punje moja ya mchele iliyosahaulika kwenye ungo.

Kundi lilikuwa halijaamua kama licheke ndipo Mzee Masanja mwenyewe akafika, suti ya kahawia, na mkewe Mama Limi ubavuni. Nyuma yao nikamwona mwanamke mwenye nywele fupi na kamera shingoni, nikamjua kwa picha, Dada Rehema.

"Kabula."

"Abee, mzee."

"Huyo ni mimi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona nimekuwa hivyo?"

"Ni... ni sanaa, mzee."

Wa kwanza kupasuka alikuwa Mama Limi. "Baba Limi, leo ndiyo umepigwa saizi yako!" akashika mbavu (mzee ni mfupi, hilo sikuwaambia), na barabara nzima ikaangua kicheko, mpaka wanaopita na ng'ombe wakasimama, na Jilala kwa mbali huko akapiga mluzi. Nilitamani ardhi ipasuke nami niende na gauni langu na sufuria ya mama.

Halafu akaja Mama Sayi.

Amevaa kitenge kipya. Nyuma yake wanawake wa mashineni, kama kumi hivi, wameacha nyungo zao. Nikamsikia anawaambia, "Njooni, njooni mnione," kabla hajafika. Alipofika mbele ya picha yake akasimama. Yeye pasipoti hana, hajawahi kupiga, kwa hiyo kwake palikuwa na kilemba juu, masikio pembeni, na tofali. Kicheko cha watu nacho kikafa polepole. Nikasema, "Nisamehe, mama, mbuzi..." Wakati huo sikumkumbuka hata Dada Rehema. Nilikuwa nimemwahidi mtu mmoja kwamba watu watasimama wamtazame, na walikuwa wamesimama wanatazama tofali.

Akaugusa ukuta. Akageuka. "Uso wameula kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwani uso wangu si ninao?"

Akasogea kinyumenyume mpaka akaingia katikati ya masikio yake mwenyewe, kile kilemba kikubwa cha karatasi kikamkaa juu, akafumba macho, akacheka. Kile kile kicheko. Wenzake wakapiga vigelegele, na kila aliyepigwa picha akaenda kwenye shimo lake, wanagombana, "Hilo ni sikio langu, toka!" Mzee Masanja akajifanya haoni, akajifanya anakohoa, mwishowe akang'oa kile kipasipoti, akakitia mfukoni, akasema, "Leteni debe." Akapandishwa juu ya debe, akakunja sura kama waziri.

Nikiwa nafuta machozi nikasikia sauti sikioni. "Kabula, kamera yako iko wapi?"

Ilikuwa kitandani. Nilipokwenda kuoga niliiacha kitandani.

"Mpiga picha gani anaacha kamera siku ya maonyesho yake?" akasema Dada Rehema, na yake hata hakuinyanyua. "Kimbia."

Nilikimbia na gauni la kijani nimelishika magotini, kiatu kimoja kikabaki njiani, na njia nzima nawaza, watakuwa wamekwisha ondoka, jua kali, watu wana kazi. Nikarudi nahema. Walikuwa wapo. Wote wanane wamesimama kwenye mashimo yao, Mama Sayi macho bado kayafumba, anauliza, "Amerudi?" na watu wanamjibu, "Amerudi, usifumbue!"

Nikapiga.

Baadaye tukala wali chini ya kivuli cha ghala, na Dada Rehema akasema wazi, "Picha zako siwezi kuzisema, zimo tumboni mwa mbuzi. Lakini nimewaona watu wakikusubiri juani bila kuambiwa." Akatafuna kidogo. "Njoo Mwanza. Ila gundi nitanunua mimi."

Nimekwenda, nimekaa, nimerudi, na nimejifunza mengi, lakini la kwanza nililijua kabla sijapanda basi, kwamba sitatia tena chumvi kwenye kitu kisicholiwa, na kamera sasa naingia nayo mpaka bafuni, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Kuhusu ukuta, mvua zimeshazitoa zile karatasi zote, isipokuwa sikio moja la Mzee Masanja, la kushoto, ambalo amekataza lisibanduliwe. Kila nikipita asubuhi nalipigia shikamoo, na mara nyingi, kutoka ndani ya ghala, linaitikia marahaba.